Ombi la Kuthibitishwa Kuwa Marehemu kwa Upande wa Kompyuta Tu

Zacharia Kitheka,
Makongeni,
Thika.
Ijumaa, 12 Novemba 1999

Kwa Bwana Chifu,
Ofisi ya Lokesheni.

Bwana Chifu,

KUH: KIFO CHANGU

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na nyumba yako. Mimi pia ni mzima, na hiyo ndiyo shida iliyonifanya niandike.

Unanifahamu. Mimi ni karani wa zamu katika kiwanda kimoja cha blanketi hapa Eneo la Viwanda. Mwaka juzi ulimwandikia mke wangu, Ndila, barua ya kuchukulia kitambulisho, na mwezi wa tatu mwaka huu ulitusuluhisha mimi na jirani yangu kuhusu mfereji. Sijawahi kukusumbua kwa jambo la kompyuta, kwa kuwa ofisi yako haina kompyuta, na kwa hilo nakupongeza kwa dhati.

Ili unielewe, itabidi nieleze kidogo. Kompyuta haifanyi lolote bila kuagizwa, na maagizo yake huandikwa kwa lugha maalumu. Ziko nyingi. Moja inaitwa Ruby. Imetoka Japani na haina zaidi ya miaka minne tangu itolewe kwa watu. Huku kwetu ililetwa na mwalimu wa kujitolea, Bwana Okada, aliyekuwa akitufundisha Jumamosi pale Ruiru. Alipomaliza mkataba wake mwaka jana alituachia CD moja na kitabu chake. Kitabu chote kimeandikwa kwa Kijapani. Darasani tulikuwa watu kumi na wanne, tukagawana kurasa zenye michoro.

Sasa, Ruby ni lugha karimu kupita kiasi. Inakuruhusu uingie ndani ya maneno yake yenyewe, yale iliyozaliwa nayo, uyaongezee au uyabadilishe, na kuanzia hapo kila anayetumia faili yako anayapata yakiwa vile ulivyoyaacha. Nilianza na kifaa kimoja tu, yaani mistari michache ya maagizo, cha kuzuia kompyuta isilikate jina la Ndung'u wa stoo pale penye ile alama ya juu, maana alikuwa amechoka kuitwa Ndung kwenye kila karatasi. Nikakiweka kwenye disketi. Mwenzangu akaomba nakala, naye akampa mwingine. Leo faili hiyo ina vifaa mia mbili na kumi na viwili, inatumika kuanzia hapa Thika hadi Kahawa Wendani, na watu wameipa jina: Nyongeza. Mimi ndiye mtunzaji wake. Sikuchaguliwa, sikuapishwa, wala hakuna mahali nilipotia sahihi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu dakika moja. Tangu nianze kazi hii hakuna mtu aliyewahi kuniletea jambo kubwa. Wote huja na maneno yale yale: "Baba Mwende, ni kadakika kamoja tu." Tahir, anayeuza vipuri vya magari karibu na soko, alitaka kompyuta iondoe majina yaliyojirudia katika orodha ya wateja wake. Nikamwandikia, nayo ikaondoa. Lakini Tahir ana wateja wawili wanaoitwa Omar Abdulnasir, mmoja wa hapa na mwingine wa Ruiru, na orodha hiyo ndiyo aliyotumia kuwaalika watu kwake siku ya Idi. Omar wa Ruiru hakualikwa. Alikaa nyumbani na kanzu mpya, akingoja. Hadi leo yeye na Tahir hawasalimiani, ila ukiwauliza ni nani aliyewakosanisha, wanapatana kabisa. Ni Kitheka.

2. Kuhusu gunia. Bwana Waweru, msimamizi wa kinu cha unga Ruiru, aliniambia kwamba kwenye lori hakuna nusu gunia. Hilo ni kweli. Akataka kompyuta ikikuta gunia moja na kipande, ihesabu magunia mawili. Badala ya kumtungia neno lake peke yake, niliingia katika neno lenyewe la Ruby la kuifanya nambari iwe kamili, lile linalopanda au kushuka kulingana na kipande kilichobaki, nikaliamuru lipande siku zote. Kosa hilo ni langu na naliandika hapa ili usije ukasema Kitheka analaumu wenzake tu. Waweru alifurahi. Lakini disketi hiyo hiyo ilikuwa ikitumika katika chuo kimoja cha kompyuta na taipu hapo Ruiru kujumlishia alama za mtihani. Mwanafunzi aliyepata arobaini na tisa na nukta moja akawa na hamsini. Hamsini ni kupita. Kumi na mmoja walipita kwa njia hiyo, na wazazi wa mmoja wao, kule Gatundu, wakachinja mbuzi.

Nilipolirudisha neno mahali pake, lori la Waweru liliacha gunia moja nyuma, na chuo kikagundua kwamba kimeshatoa vyeti kumi na kimoja. Mwalimu wao, Bi. Kaluki, alikuja kwangu na karatasi za matokeo mkononi. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Mzee, kwani hukutest kwanza?" Nikamweleza utaratibu wangu, kwamba mimi huwapa watu, nao ndio wanaojaribu. Aliliandika jibu hilo kwenye daftari lake. Mbuzi, kama unavyoelewa, hakuweza kurudishwa.

3. Kuhusu saa. Hapa tafadhali soma polepole. Bi. Hayat ana nyumba anazopangisha wanafunzi Kahawa Wendani. Matangazo yake ya maji na ya kufunga geti huchapwa na kompyuta, na kompyuta husema saa kwa Kizungu. Tangazo likisema maji yatafunguliwa 8:00, baadhi ya wapangaji wanakinga ndoo saa mbili asubuhi na wengine saa nane mchana, kisha wote wanakuja kumgombeza yeye. Akanijia: "Si uiambie tu ihesabu kama sisi?" Nami nikaona ni jambo la heshima. Kwa nini mashine inayokaa Kenya, inayotumia stima ya Kenya, isianze kuhesabu siku jua likichomoza kama raia wengine? Nikaingia katika neno la Ruby la saa, nikapunguza sita. Saa moja asubuhi, badala ya kuandikwa 7:00, ikaandikwa 1:00, kama tunavyoisema. Bi. Hayat aliniletea sambusa.

Nilisahau kwamba ratiba ya zamu ya kiwanda changu mwenyewe inatumia Nyongeza. Ijumaa moja nilichapa ratiba ya wiki inayofuata nikaibandika ubaoni bila kuisoma, kwa kuwa mimi ndiye niliyeiandika. Zamu ya asubuhi ilisema 1:00. Wafanyakazi wetu wamezisoma saa za ubao ule kwa Kizungu miaka ishirini. Jumatatu, watu tisini na sita walikunywa chai na watoto wao bila haraka, wakapiga viatu rangi, wakafika kazini saa saba mchana. Mashine zilikuwa zimenyamaza tangu asubuhi. Meneja alipowauliza, walimwonyesha karatasi. Alipoisoma karatasi, aliniita mimi. Nina barua ya onyo, Bwana Chifu, na imesema wazi kwamba itakayoifuata haitakuwa ya onyo.

4. Kuhusu kamati. Baada ya mkasa huo niliamua kuondoa vifaa visivyo na kazi. Habari zikasambaa, na watumiaji wakaunda kamati. Ina mwenyekiti, makamu wake, katibu, mweka hazina asiye na hazina, na wanachama watano. Hukutana Jumamosi katika hoteli moja hapa mjini, hufungua kwa maombi, husoma kumbukumbu za mkutano uliopita, na hakuna anayejua kuandika Ruby isipokuwa Bi. Kaluki, ambaye walimfanya katibu kwa sababu ya hati yake nzuri. Kamati iliamua kwamba kila kifaa kilitolewa na mtu kwa moyo wake, sawa na benchi la kanisa lenye jina la familia iliyolitoa, na kukiondoa ni kumwaibisha mwenyewe mbele ya watu. Kwa hivyo leo Nyongeza ina vifaa vinne vya kugeuza herufi ndogo kuwa kubwa. Kimoja ni cha Waweru. Kimoja ni cha Tahir. Cha tatu kilitolewa kwa kumbukumbu ya marehemu mama yake Bi. Hayat. Cha nne hakifanyi kazi, lakini kilitolewa na mwenyekiti.

5. Kuhusu mwaka wa elfu mbili. Kila mahali watu wanasema kompyuta zitaingiwa na wazimu mwaka huo ukiingia. Mchungaji wetu aliniomba nitie kwenye Nyongeza kitu cha kuzuia. Nikamuuliza, kuzuia nini? Akasema, "Wewe zuia tu." Hayo ndiyo malalamiko yote ya nambari tano.

6. Kuhusu nyumbani. Hili sikutaka kuliandika, lakini Ndila amesema nisipoliandika mimi ataliandika yeye, na hati yake unaijua. Jumamosi ya pili ya Oktoba ilikuwa siku ya wazazi katika shule ya binti yetu, Mwende, anayesoma bweni huko Machakos. Ndila alitangulia asubuhi na chakula, nami nikaahidi kufuata. Kabla sijafunga mlango, Waweru akapiga simu kwenye duka la jirani: lori limesimama, kompyuta imekataa kuchapa, ni dakika moja. Nikapitia Ruiru. Dakika hiyo ilichukua saa nne nzima. Nilipofika Machakos wazazi walikuwa wanatoka. Mwende alikuwa amekaa kwenye ngazi za ofisi na sahani yangu ya pilau mapajani, ameifunika kwa daftari ili nzi wasiingie. Hakulalamika. Aliniuliza, "Baba, kwani hiyo lori iliondoka?"

Niliona aibu ambayo sikuiona hata mbele ya meneja. Nilikula pilau yote ikiwa imepoa, nikiwa nimesimama, askari wa lango akinitazama, funguo mkononi. Tulipofika nyumbani Ndila aliniambia, "Hiyo Nyongeza iko na wenyewe wengi. Mimi niko na bwana mmoja, na simuoni."

7. Kuhusu kujiuzulu. Usidhani sijajaribu. Nilibandika notisi mlangoni kwangu kwamba Nyongeza imefungwa. Watu waliisoma kwa sauti, wakaisifu, wakabisha. Nilizituma disketi zote kwa dada yangu Kitui, ambaye ni karani wa shule, ili zikae mbali. Zikarudi baada ya wiki mbili, na ndani ya bahasha mna barua ya dada akiuliza kama kuna kifaa cha kupanga wanafunzi kwa madarasa, na kama hakuna, si ni dakika moja tu? Mwishowe niliiambia kamati kwamba nimeisahau Ruby yote, hata neno moja sikumbuki. Walipokea kwa huzuni. Walifungua mkutano uliofuata kwa kuniombea kumbukumbu irudi, na wiki hiyo waliniletea kazi kumi na saba za kunisaidia kufanya mazoezi.

Bwana Chifu, nimefikiri sana. Tangu nizaliwe sijaona mtu akiachiliwa na kamati ila kwa njia mbili, uhamisho au kifo. Kiwanda chetu hakina tawi lingine, kwa hivyo uhamisho hauwezekani. Inabaki ile nyingine. Na mtu akifa huku kwetu, anayeandika barua ya kuthibitisha ndipo azikwe ni wewe. Naomba basi, kwa heshima zote, uniandikie hiyo barua na uipige muhuri. Ili nisikupotezee muda, nimekutungia maneno:

"Hii ni kuwathibitishia wote wanaohusika kwamba Zacharia Kitheka, mtunzaji wa Nyongeza, alifariki tarehe 30 Novemba 1999 kwa upande wa kompyuta tu. Kwa upande wa kiwanda, ndoa, kanisa na kupiga kura yeye ni mzima, na apewe heshima ya mtu mzima. Asiulizwe lolote kuhusu Ruby, nyumbani kwake wala njiani."

Nimechagua tarehe thelathini kwa kuwa kuna kifaa nilichomwahidi Tahir mwisho wa mwezi, na sipendi kufa na ahadi ya mtu.

Naomba pia kusiwe na kamati ya mazishi, kwa sababu itakuwa ni watu wale wale. Na siku utakapoitangaza barua hiyo barazani, tafadhali niruhusu nisimame mbele kando yako, ili watu wote wanione vizuri na kusiwe na ubishi wowote kuhusu ni nani aliyekufa.

Jambo la mwisho ni la mrithi. Kamati imempendekeza Bi. Kaluki. Sina neno baya juu yake. Ni binti wa kwetu, ana adabu, ana miaka ishirini na sita. Lakini ni haki yako kuzijua tabia zake kabla hujatia sahihi. Kila kifaa anakijaribu mara ishirini kabla ya kumpa mtu, jambo litakalowachelewesha wananchi. Juu ya kila kimoja anaandika maelezo ya kazi yake, kana kwamba watu hawawezi kutembea hadi kwangu wakaniuliza. Amesema mbele ya kamati nzima kwamba maneno ya Ruby yenyewe yasiguswe kamwe, bali Waweru atungiwe lake na Bi. Hayat lake, kila mmoja abaki na shida zake nyumbani kwake. Tena amesema kwamba kati ya vifaa mia mbili na kumi na viwili, vinavyohitajika ni arobaini.

Maneno hayo yaliniuma, sitakuficha. Vile mia moja na sabini na viwili anavyotaka kuvitupa, mimi namkumbuka kila aliyekuja kuniomba, amevaa nini na alikaa kiti gani. Mwingine alikuja mvua ikinyesha, akalia kidogo kabla hajaniambia shida yake, na haikuwa ya kompyuta. Nikamwandikia kifaa kwa kuwa sikujua la kumfanyia zaidi ya hilo. Huwezi kuyaona hayo ukisoma faili. Hata hivyo marehemu hapigi kura kwenye kamati, na mimi nimekubali.

Nitashukuru nikipata jibu kabla ya mkutano wa Jumamosi ijayo. Msalimie sana Mama Chifu na watoto, karani wako, askari wawili wa utawala, na mzee wa kijiji aliyetupimia ule mfereji. Wasalimie pia wote watakaokuwa wamekaa nje ya ofisi yako siku utakapoisoma barua hii. Najua ni wengi, na pengine wamekaa hapo tangu asubuhi kwa sababu barua yenyewe ni ndefu. Ndila anakusalimu. Mwende anakusalimu kutoka shuleni.

Ni mimi raia wako mtiifu, ninayengoja kufa kwa ruhusa yako,

Zacharia Kitheka

N.B. Jumanne, tarehe 16. Barua hii ilichelewa kwa kukosa stempu, na sasa mambo yamebadilika kidogo. Leo saa kumi Bi. Kaluki alikuja nyumbani. Alikuwa ameichapa Nyongeza yote kwenye karatasi, ameisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho, na pembeni ameweka alama kwa penseli. Hakuna mtu aliyewahi kuisoma yote, hata mimi. Tulikaa mezani tukaipitia. Kuna mahali nilikuwa nimeandika kwa ujanja kidogo, nikijifurahisha tu, nikiamini hakuna atakayeona. Aliona, akacheka, na alicheka mahali penyewe. Ndila akamwongezea chai. Kisha Bi. Kaluki akanyoosha mkono akasema, "Sawa Mzee, mimi nimekubali. Nipe hizo floppy nianze leo leo, wewe upumzike."

Bwana Chifu, hilo ndilo nililoliomba kwa kurasa zote hizi. Niliutazama ule mkono. Halafu nikajisikia nikimwambia kwamba disketi zimechukuliwa na ofisi yako kama ushahidi, na haziwezi kutoka hadi kesi isikizwe. Ndila aliniangalia. Bi. Kaluki anakuja kwako Alhamisi kuziulizia.

Kwa hivyo tafadhali usipige muhuri wowote. Akikuuliza kesi itasikizwa lini, mwambie ni mwakani, na usitaje mwezi. Nimeambatisha disketi moja na barua hii. Haina kitu ndani. Naomba uifungie kwenye kabati lako, ili ukimwambia unayo disketi yangu usije ukasema uongo kwa sababu yangu.